Anza na Tete, Mdiria Atafuata: Ninavyotengeneza Mimea ya Ndege wa Kuchonga

Wachongaji wenzangu wakinitumia picha za kazi zao huwa wanauliza kuhusu manyoya, ile kalamu ya kuchomea iwe ya moto kiasi gani, buluu ya mgongo inachanganywaje, na ni maswali mazuri tu, lakini mara nyingi nikiiangalia picha yenyewe naona ndege yuko sawa kabisa, shida iko chini ya miguu yake. Amekalishwa juu ya kijiti cha kuokota, pembeni kumechomekwa majani ya plastiki ya dukani. Mtu anayeangalia hata kama hajui jina la mmea wowote, macho yake yameshaishi na majani tangu utotoni, yanajua pale pale kwamba hili si jani, na akishalishuku jani anamshuku na ndege.

Kwa hiyo leo ni mimea tu. Nitamtumia mdiria mdogo wa Naivasha, yule mwenye mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, kwa sababu watu wanapenda sana kumchonga na kwa sababu ana mazingira yanayojulikana vizuri: matete na mafunjo ya ukingoni mwa ziwa.

Mimi mmea nauamua kabla sijagusa mbao ya ndege. Nataka kujua ni wapi, ni msimu gani, maji yako juu au yameshuka. Naivasha ni maji baridi ndio maana mafunjo yanaota pale, ukienda Bogoria kwenye magadi hukuti mafunjo ukingoni, sasa mtu akimchonga heroe (flamingo) wa Bogoria alafu akamsimamisha katikati ya mafunjo ameshakosea hata kabla ya kupaka rangi. Na hata mwaka una maana. Gugumaji ni mmea wa Amerika Kusini, Naivasha lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo ukitaka kuonyesha ziwa la leo liweke bila aibu, na kikonyo chake cha jani kile kilichovimba na ua la zambarau lenye doa la njano kwenye petali ya juu, ila ukisema unaonyesha ziwa la enzi za wakoloni litoe.

Waliotufundisha ukali wa namna hii ni watu wa makumbusho. Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza wanyama wa maonyesho ya makumbusho, alirudi Kongo mwaka 1926 kwa ajili ya ukumbi wa wanyama wa Afrika wa makumbusho ya New York, akafia kwenye miteremko ya mlima Mikeno na akazikwa huko huko, lakini wenzake waliendelea kuchora mandhari na kukusanya mimea ya pale pale sokwe (gorila) walipokuwa, na ukumbi ulipofunguliwa 1936 kile chumba cha sokwe kilikuwa kinaonyesha mahali pamoja panapojulikana, si msitu wa kubuni tu. Wachongaji wa Marekani nao walitoka kwenye ndege wa mbao wa kutegea bata, ndugu wawili Lem na Steve Ward wa Crisfield, Maryland wakiwa kati ya waliogeuza kazi ya uwindaji kuwa sanaa, na mashindano ya dunia yanayobeba jina lao yalianza 1971. Ukitazama kazi zinazoshinda kule utaona mmea umepewa heshima sawa na ndege.

Haya, tuje kwenye kazi.

Mbao ya ndege mimi natumia mjakaranda, ni mwepesi, unakubali kisu, na mafundi wetu wa Changamwe na Wamunyu wameuzoea tangu mpingo na muhugu zilipoanza kuwa adimu. Lakini jani silichongi kwenye mbao. Jani la mbao ukilikonda mpaka lifanane na jani linapasuka kufuata nyuzi za mti, ukiliacha nene linaonekana ubao. Majani halisi yaliyokaushwa pia siyataki, yanapauka, yanajikunja, wadudu wanayala, na kazi ikivuka mpaka wakaguzi wa mimea wana haki ya kuuliza maswali. Natumia karatasi ya shaba nyekundu ya unene wa kama milimita 0.1. Ukikosa, bati la kopo la soda lina unene unaokaribia huo na linafaa kwa mazoezi, ila linarudi rudi ukilikunja, halikai unavyotaka.

Shaba kwanza ilainishwe. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu kisha itumbukize kwenye maji, hapo inakuwa laini unaikunja kwa vidole. Isafishe kwa ndimu na chumvi itoe ule weusi. Sasa ukate umbo la jani la tete: refu, pana karibu na chini kisha linachongoka taratibu mpaka ncha. Liweke juu ya soli ya kandambili kuukuu uchore mishipa kwa kalamu iliyoisha wino, na hapa naomba mnisikilize vizuri, tete ni jamii ya nyasi, mishipa yake inakwenda sambamba kutoka chini mpaka juu, haitawanyiki pembeni kutoka kwenye mshipa wa kati. Nimeona matete mengi mazuri ya kuchonga yaliyopewa mishipa ya mwembe. Ukishachora, piga msasa kingo mpaka ziwe nyembamba kuliko katikati, kwa sababu mtu anapima unene wa jani kwa kuangalia ukingo wake, haangalii katikati.

Sehemu inayonichukua muda kuliko zote ni pale jani linapokutana na bua. Jani la tete halitokei tu ubavuni, linaanza chini kwenye kifundo, linalizunguka bua na kulifunika kama mkono wa shati kwa kitambo (sehemu hiyo ndiyo ala), ndipo linafunguka na kwenda nje. Majani yanapishana, moja upande huu lingine upande ule. Kwa hiyo ile shaba naikata na sehemu ya chini ya ziada, naizungusha kwenye bua, naishika kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili na kulainisha ukingo kwa kidole chenye maji. Ukigundisha jani ubavuni bila ala yake hakuna rangi itakayokuokoa. Bua lenyewe ni kijiti cha mbao cha duara chenye waya ndani, vifundo navijenga kwa epoksi.

Funjo ni habari nyingine kabisa. Bua lake lina pembe tatu na halina kifundo hata kimoja, laini kutoka majini mpaka juu, na juu ndio kuna lile shungi la nyuzi nyingi. Zile nyuzi natumia waya za shaba zilizo ndani ya kebo ya umeme laini, ukiivua plastiki unapata nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi chini kabisa unapotokea una kiala kidogo cha kahawia, usikisahau. Shungi changa limefunga na kusimama, lililokomaa limetawanyika, lililozeeka limeinama na limekauka. Weka angalau mawili ya umri tofauti. Na kwa kuwa funjo linafika mita 4 au zaidi, hutaliweka lote kwenye kazi ya saizi halisi, nachukua kipande cha chini karibu na maji au shungi lililoinama, si vyote viwili.

Rangi ya kijani ya kwenye tyubu usiitumie ilivyo. Changanya njano na buluu, kisha tone la kahawia au nyekundu kuituliza, na upake nyembamba nyembamba mara nyingi. Upande wa chini wa jani mpauko kidogo. Ncha za majani ya zamani zimeungua, majani ya chini kabisa yamekufa yanang'ang'ania bua. Palipozama majini bua ni la kahawia lenye utando, na juu yake kuna alama ya maji yalipofika kabla hayajashuka.

Alafu ndege mwenyewe anaacha habari kwenye mmea. Mdiria ana kituo anachokipenda, kwa hiyo chini yake kuna matone meupe ya mavi kwenye majani, yapake, tena yakimwagika kuelekea chini. Ana uzito wa gramu zisizofika 20, bua la funjo halimsikii kabisa lakini ncha ya jani la tete itainama, na lazima ulikunje jani kabla hujaweka pini za miguu. Kwa wale wa Pwani mnaochonga wanana kwenye minazi ni hivyo hivyo, mnana huwa anachana vipande virefu kwenye jani la mnazi kwenda kusukia kiota, kwa hiyo kuti karibu na viota linabaki limechanwa chanwa. Kiota kipya ni kijani na cha zamani ni kahawia, na dume anayepiga mabawa kuita jike yuko chini ya kiota kibichi. Ukimuweka hapo na kuti zima lisilo na mchano, mtu anayewajua wanana atakuuliza majani aliyatoa wapi.

Maji ni rezini, ile plastiki ya majimaji inayoganda ikabaki angavu, mimina kidogo kidogo kwa tabaka nyembamba, likimiminwa nene linapata moto na kujaa mapovu. Lenyewe litapanda kidogo kwenye bua kama maji yanavyopanda, usilifute.

Mwisho, bua nalimalizia chini kwa pini ya shaba na kitako nakitoboa tundu la saizi ile ile, sehemu ya juu ya rezini pia nimeshaiachia tundu, sigundishi. Ndege naye ana pini zake miguuni. Kazi ikisafiri vinaenda vitu vitatu mbali mbali, kitako, tete na mdiria, na tete nalifunga limesimama kwenye boksi likiwa limeshikwa kwenye bua tu, majani yasiguse kadibodi upande wowote.