“Mwanangu hajui kuchora”: wanayosema watu kuhusu usanifu majengo, na yalivyo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, barazani kwangu hapa Ngamiani hapakauki wazazi. Safari hii wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja wa mtaa wa pili, kaja na mwanawe. “Mwanangu,” akaniambia hata hajaketi, “mdogo wako huyu kashikilia usanifu majengo. Namwambia hajui kuchora, hata kikombe akikichora hukijui. Atafika wapi?” Kijana kimya, macho sakafuni.

Maneno hayo nimeyasikia miaka yote tangu nianze kazi ya usanifu majengo hapa Tanga, na nimeona vijana wenye akili nzuri wakiacha kuomba chuo kwa ajili yake. Ndiyo maana nayaandika leo, pamoja na mengine yanayofanana nayo.

“Bila kipaji cha kuchora, usijaribu”

Kwanza, vyuo vyetu humpokea mwanafunzi kwa ufaulu wa masomo yake, wa kidato cha sita au wa stashahada. Sifa za kila chuo ziko kwenye mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huutoa kila mwaka. Usome wa mwaka wako, maana sifa hubadilika na jirani atakusimulia za mwaka aliosoma yeye.

Kuchora kwenyewe, kwa kazi hii, ni lugha. Hufundishwa kuanzia mwaka wa kwanza, kwa rula, penseli na kurudia hadi mkono unyooke. Kinachochukua muda zaidi ni jicho, na jicho mtu aweza kuanza kulinoa leo, kabla ya barua ya chuo.

Nilimpa kijana yule futi yangu ya chuma, ile ya mita 5. Nikamwambia akaipime nyumba ya bibi yake, nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani nyuma na choo na jiko. Apime upana wa ukumbi, kimo cha baraza, dirisha limeanza wapi kutoka sakafuni, mlango unafungukia upande gani. Kisha achore kwa kipimo cha 1:50, yaani kila mita moja ya nyumba iwe sentimita 2 kwenye karatasi.

Alirudi siku ya tatu na karatasi ya daftari la hesabu, yenye vyumba vidogo vidogo. Mistari ilikuwa imepinda na kona moja haikukutana. Lakini katikati ya ukumbi alikuwa ameandika kwa penseli: “Hapa bibi hutandika mkeka saa nane mchana, upepo unapita.” Pembeni ya mlango wa uani: “Ndoo za maji huwekwa hapa, mtu akitoka lazima azikwepe.” Nikampa mama yake ile karatasi aishike. Nikamwambia, mama, kona isiyokutana tutaikutanisha kwa wiki mbili. Hili la mkeka hakuna aliyemfundisha.

Zoezi jingine ni ngazi. Panda ngazi ya ghorofa yoyote mjini, kisha pima kipandio kimoja: kimo unachoinua mguu, na upana wa pale unapokanyaga. Zidisha kimo kwa mbili, ujumlishe upana. Ukipata kati ya sentimita 60 na 65 hivi, ngazi hiyo inafuata hatua ya mtu mzima. Ghorofa ya mita 3 ukiigawa kwa vipandio 18, kila kimoja kina sentimita 16.7, na ukikanyagia upana wa sentimita 28 jumla ni 61.4. Mguu unapanda bila kufikiri. Anayefanya hesabu hiyo kwenye ngazi tano za Tanga ameshaanza mwaka wa kwanza.

“Siku hizi ni kompyuta tu”

Programu za kuchorea kama AutoCAD, Revit, ArchiCAD na SketchUp utazijua, na usipozijua ofisi hazitakuajiri. Ila programu huchora unachoiambia.

Nilipokuwa bado najifunza kazi chini ya msanifu mwenye usajili, nilichora nyumba ya ghorofa moja kwenye kompyuta. Ilipendeza kwenye skrini. Fundi mkuu alipofika kwenye ngazi akasimamisha kazi, akaniita. Akafunga uzi kutoka sakafuni kufuata mteremko wa ngazi, akasimama pale ambapo kipandio cha kumi na moja kingekuja, akainua mkono. Kiganja kikagusa bimu kabla hajaunyosha. “Mwalimu,” akasema kwa upole, “hapa mtu mrefu atagonga kichwa.” Kati ya kipandio na bimu nilikuwa nimeacha nafasi isiyofika mita 2. Tuliurudia mchoro usiku uleule, kabla zege halijamwagwa. Yule mzee hakuwahi kugusa kompyuta. Tangu siku hiyo sijawahi kuchora ngazi bila kuichora pia kwa ubavu, na sijawahi kwenda saiti nikampita fundi bila kumsalimu na kumuuliza anaonaje.

Kwa hiyo likizo ya chuo, pamoja na kujifunza programu, nenda saiti. Ponda kokoto juani, beba tofali, uone nondo zinavyofungwa na bati linavyopauliwa. Kitu ulichowahi kukibeba utakichora tofauti.

“Msanifu, injinia, fundi, wote kazi moja”

Hili ni fupi. Msanifu hupanga nafasi, mwanga, hewa, mwonekano na namna watu watakavyoishi humo, na huratibu wenzake. Mhandisi wa miundo huhakikisha jengo linasimama: nguzo, bimu, msingi, nondo ngapi. Mkadiriaji majenzi huhesabu gharama. Mkandarasi na mafundi hujenga. Kumwita msanifu “mchora ramani” si tusi, lakini ramani ni sehemu tu ya anachokifanya.

“Miaka 5 ikiisha, umeshakuwa msanifu”

Shahada ya usanifu majengo nchini huchukua miaka 5. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ndicho chenye historia ndefu zaidi katika fani hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nao wanafundisha. Ukimaliza una shahada. Cheo cha msanifu majengo, na haki ya kuweka muhuri wako kwenye michoro, vinatokana na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa sheria ya mwaka 2010. Kabla ya hapo unafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, unaweka kumbukumbu za ulichokifanya, kisha unafanya mtihani wa taaluma.

Wazazi wengi hawaambiwi hili mapema, na hapo ndipo nyumba hugombana. Mtoto kamaliza chuo, mbona bado “anajifunza”? Tafadhali mzazi, hesabu miaka hiyo tangu mwanzo. Na wewe kijana, chagua ofisi ya kujifunzia kwa kuangalia kama watakupeleka saiti na kwenye vikao na mteja. Ofisi itakayokuketisha miaka miwili ukichora vyoo tu itakuchelewesha, hata kama posho yake ni nzuri.

Na masomo yenyewe ni mazito kwa muda kuliko kwa akili. Kazi ya studio hailali: unachora, unajenga mfano wa jengo kwa kadibodi na gundi, unautetea mbele ya jopo la walimu, wanaukosoa, unaanza upya. Anayeona kukosolewa ni kudharauliwa atateseka sana. Tena weka akiba ya vifaa na kuchapisha michoro, maana ada peke yake haitoshi.

“Majengo ya zamani ni ya watalii, sisi tunajifunza ya kisasa”

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu kijana wa pwani kazaliwa ndani ya maktaba na anaambiwa atoke nje kutafuta vitabu.

Nenda Bagamoyo, kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Utaona vyumba virefu na vyembamba. Watu husema wazee walipenda vyumba vyembamba. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko aghalabu haivuki mita 3, kwa hiyo kuta mbili haziwezi kuachana zaidi ya hapo. Mti ndio ulioamua upana wa chumba. Mwanafunzi akilielewa hilo, ameelewa somo zima la miundo: kila nafasi inatawaliwa na kitu kinachoibeba.

Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuri. Hapo kuna dhana nyingine, kwamba saruji ni ngumu zaidi kwa hiyo ni dawa ya ukuta wa zamani. Nimeona kuta zikipigwa plasta ya saruji na baada ya mvua chache plasta inabanduka vipande vipande, jiwe la ndani limekuwa unga. Unyevu hupanda kutoka ardhini na chumvi yake. Chokaa inapumua, unyevu unatoka. Saruji inauziba, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ukuta wa matumbawe unataka chokaa. Magofu ya Kaole na Tongoni yamesimama karne nyingi kwa vitu hivyo viwili, jiwe la bahari na chokaa.

Kisha jua. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwetu. Miezi iliyobaki liko kusini. Pande hizo mbili jua liko juu sana, na paa lililotokeza kidogo tu linatosha kulikinga ukuta. Mashariki na magharibi jua huja chini, linaingia dirishani moja kwa moja. Kwa hiyo nyumba ya hapa inataka kutazama kaskazini na kusini, na huko huko ndiko pepo za kaskazi na kusi zinakotoka. Wazee hawakuwa na kitabu cha nyuzi, walikuwa na mashua, na baharia haelekezi mlango wake bila kufikiria upepo.

Nilimwambia kijana asiniamini kwa mdomo. Asimike kijiti cha mita moja uani kwa bibi, na saa sita na nusu mchana apime kivuli. Ilikuwa Julai. Alikuta karibu nusu mita, kimelala kusini, kama hesabu inavyosema. Akawa anakipima kila Jumapili na kuandika.

Sasa linganisha na jengo moja la hapa mjini ambalo sitalitaja: uso mzima ni vioo, na umeelekea magharibi. Ikifika saa tisa mapazia yamefungwa, taa zimewashwa, kiyoyozi kinaunguruma, na nje ni mchana mweupe. Kila mwezi mtu analipa umeme kwa mstari uliochorwa vibaya siku moja.

“Ni kazi ya wanaojengea matajiri, na haina ajira”

Ajira si nyepesi, nisiwadanganye. Lakini tazama mitaa ya Tanga inakokua: nyumba nyingi zinajengwa bila msanifu, na mwenye nyumba anajenga kidogo kidogo. Msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, bati Mungu akijalia. Anayejua kupanga nyumba ya hatua, vyumba viwili viezekwe na kuhamiwa huku vingine vikingoja bila kuharibika kwa mvua, ana kazi. Bei yake lazima ifanane na mfuko wa mteja, lakini ana kazi. Ziko pia halmashauri, makandarasi, na ukarabati wa majengo ya kale.

Msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso alianza na useremala. Akiwa bado mwanafunzi Ujerumani alichangisha fedha akakijengea kijiji chake cha Gando shule ya msingi ya matofali ya udongo, iliyokamilika mwaka 2001. Paa la bati lake limeinuliwa juu ya dari ili joto lipite katikati. Mwaka 2022 alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Na kwetu, Beda Amuli aliyesanifu soko la Kariakoo alichora kwa ajili ya wauza nyanya na mchicha: miavuli mikubwa ya zege inayotia kivuli na kukinga maji ya mvua.

Wasichana huambiwa saiti si mahali pao. Zaha Hadid, msanifu mwanamke mzaliwa wa Iraki, alianza na shahada ya hisabati Beirut, akapata Pritzker mwaka 2004. Na mvulana anayeambiwa hesabu zake lazima ziwe za maajabu naye atulie: unahitaji kuzielewa vizuri na kutoziogopa, zile nzito atakaa nazo mhandisi.

Kijana wa mtaa wa pili kapata nafasi, anasubiri kuondoka. Wiki ya kwanza ya Oktoba alinipigia simu, nikapita kwa bibi yake saa sita mchana. Kijiti kilikuwa palepale uani, bibi kakizungushia matofali manne kuku wasikiangushe. Tulisimama watatu tukitazama. Ilipofika saa sita na dakika kumi hivi, kivuli kikaisha kabisa, kikaingia chini ya kijiti chenyewe. Bibi akainama kuhakikisha. Kijana akaandika tarehe.