Adivencha si kila gemu yenye mishen

Hapa Mwanza ingia banda lolote la gemu, Kirumba au Igoma, uliza kama wana adivencha. Utawekewa jamaa mwenye bastola anarukaruka juu ya mabati ya watu, au yule wa kuiba magari. Ukisema hapana, si hiyo, dogo wa bandani atakushangaa: "Braza, hii ndiyo adivencha yenyewe, ina mishen kibao." Kwa dogo wa bandani nilikuwa nanyamaza. Juzi nimeisikia kwa mwalimu wa kompyuta, anawaeleza wanafunzi, nao wanaandika. Basi na mimi naandika.

Gemu ya adivencha ni hadithi isiyosogea mpaka ujue cha kufanya. Wepesi wa kidole hauhesabiki, wala shabaha. Unapewa mahali, vitu na watu. Unatazama, unaokota, unauliza, unajaribu hiki kwa kile, na njia inafunguka kwa sababu umeelewa jambo. Mfano: nyoka amekaa njiani. Humpigi. Unamfungulia ndege uliyemkamata kule nyuma, ndege anamfukuza nyoka. Ila ndege mwenyewe hakamatiki ukiwa umeshika fimbo nyeusi, maana anaiogopa. Weka fimbo chini, mkamate ndege, rudi kwa nyoka. Imeisha hiyo.

Sasa tukae kwenye jina, maana ugomvi wote umeanzia hapo. Jina hili halikutolewa na wataalamu waliokaa kikao wakapanga gemu kwa mafungu. Ni jina la faili.

Mwenye faili aliitwa Will Crowther, mwandishi wa programu katika kampuni ya BBN huko Massachusetts, mmoja wa waliojenga ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Nje ya kazi alikuwa mtu wa mapango. Yeye na mkewe Pat walikuwa wakipima njia za chini ya ardhi katika pango la Mammoth, Kentucky, na vipimo vile akavichorea ramani kwa kompyuta. (Sisi tuliokulia tukipenya kati ya mawe ya Isamilo na Mabatini tunaijua raha hiyo, ingawa yetu ilikuwa inaishia kwenye fimbo ya mama.) Ndoa ikavunjika. Crowther akatafuta kitu cha kuwafurahisha binti zake wakija kumtembelea, na kati ya 1975 na 1976 akaandika kwa lugha ya FORTRAN, kwenye kompyuta ya PDP-10, programu inayolisimulia pango kwa maneno. Skrini inakuambia uko wapi na unaona nini. Wewe unaandika neno moja au mawili: nenda kusini, chukua taa. Inakujibu. Picha hakuna hata moja, na sehemu kubwa ya ramani yake ni ya pango la kweli.

PDP-10 ilikuwa inakubali jina la faili lenye herufi sita tu. Adventure haikutosha, ikawa ADVENT. Nakala ikasafiri mpaka Chuo Kikuu cha Stanford, akaikuta kijana aitwaye Don Woods, akaipenda, akataka ruhusa ya kuiongeza. Hakuwa na anwani ya mwenyewe. Alichofanya ni kutuma barua pepe kwa jina "crowther" kwenye kila kompyuta iliyokuwa ndani ya mtandao. Fikiria mtandao ambao unaweza kuumaliza wote namna hiyo. Barua ikafika, ruhusa ikatoka, na mwaka 1977 Woods akatoa toleo lililopanuliwa, lenye hazina, joka na mazimwi mengine ambayo Kentucky haiyajui. Hilo ndilo lililoenea vyuoni na maofisini. Wengine walipoanza kutengeneza za kwao kwa mtindo ule, watu walisema wametengeneza "gemu kama Adventure", na baada ya muda "kama" likadondoka.

Kwa hiyo, kwenye gemu, neno hili halimaanishi safari yenye hatari, hata kama kamusi itakuambia hivyo. Linamaanisha za ukoo wa ile ya pangoni. Ukianza kuhesabu safari na hatari, gemu zote duniani zitaingia, mpaka ya Mario, yule fundi bomba anayeruka uyoga.

Tumtazame joka. Katika toleo la Woods limelala juu ya zulia, nawe unalitaka zulia. Ukiliambia gemu "ua joka", linakuuliza kwa dharau: kwa kutumia nini, mikono mitupu? Mchezaji wa kawaida anaona huo ni mzaha, anaondoka kutafuta upanga, anazunguka pango zima. Jibu ni kuandika "ndiyo". Joka linakufa palepale, kwa mikono mitupu, na gemu lenyewe linakushangilia kwamba jambo hilo si rahisi kuamini. Pambano zima limekuwa la maneno, na aliyeshinda ni yule aliyegundua kwamba ameulizwa swali. (Ndiyo, mle pangoni kuna vibeti wanaorusha visu, na kuwakwepa ni bahati. Lakini hata wao hawataki kidole chepesi.)

Mwaka 1980 Warren Robinett akaitoa Adventure nyingine kwa Atari 2600, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV. Alikuwa ameicheza ile ya pangoni, akataka kuihamishia sebuleni kwa watu wasio na kibodi. Kazi ngumu: kaseti ya kilobaiti 4, hakuna maandishi, mkono mmoja wa kuongozea na kitufe kimoja. Maneno yote yakaondoka. Vikabaki vitu vya kubeba, milango ya kufungua kwa ufunguo wa rangi yake, na majoka. Ila majoka haya (yanafanana na bata, lakini tusimcheke, nafasi hakuwa nayo) yanakukimbiza, na unayaua kwa kuyagusa na upanga kabla hayajakumeza. Kuwaza hakukusaidii kitu hapo, unakimbia.

Jina moja, joka moja, gemu mbili tofauti kabisa. Upande wa Atari ndiko ilikotoka ile familia inayoitwa ekshen-adivencha, na zile mishen za kibandani ni wajukuu zake. Kwa hiyo dogo hajabuni kitu kichwani; amerithi mkanganyiko wenye umri mkubwa kuliko baba yake. Ila amerithi nusu ya jina, na nusu aliyoiangusha ndiyo yake.

Kwa Mswahili ile ya pangoni haipaswi kuwa ngeni, maana ni kitendawili. Anayetega hakupimi mbio. Anapima kama umewahi kukitazama vizuri kitu unachokiona kila siku. Ukishindwa kuna utaratibu: nipe mji. Unatoa mji, unapewa jibu, mchezo unaendelea. Infocom, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 na watu wa chuo cha MIT waliokuwa wameandika Zork, gemu ya maandishi ya ukoo ule ule, waliugeuza mji kuwa biashara. Waliuza vijitabu vya majibu vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Unatafuta swali lako, unapitisha kalamu maalumu, mstari wa kwanza unatokea: ni kidokezo tu. Bado? Pitisha tena, kidokezo kinene zaidi. Mstari wa mwisho ndio jibu lote. Unajiamulia mwenyewe mji wako uwe mkubwa kiasi gani.

Kosa la pili ni dogo, ila linaniudhi zaidi, kwa sababu wanaolifanya ni wapenzi wa gemu hizi hasa. Wanasema za maandishi ni aina moja, za kubofya kwa mausi ni aina nyingine, na adivencha "halisi" ni zile zenye picha. Hapana. Kilichobadilika ni namna ya kuongea na mashine.

Shida ya maandishi ilikuwa vitenzi. Unajua kabisa unataka kufunga kamba kwenye mti, lakini programu haijui "fungia" wala "zungushia", inajua "funga" peke yake, na haikuambii. Unabaki kubahatisha msamiati. Ken na Roberta Williams, mume na mke watengeneza gemu, waliongeza michoro mwaka 1980 katika Mystery House, na mwaka 1984 King's Quest ikakupa mtu wa kumtembeza kwa mishale ya kibodi. Bado kitenzi ulikiandika mwenyewe. Ndipo Ron Gilbert na Gary Winnick wa Lucasfilm Games, mwaka 1987, katika Maniac Mansion, wakavipanga vitenzi vyote chini ya skrini: fungua, funga, sukuma, vuta, okota. Bofya kitenzi, bofya kitu, na sentensi inajiandika mbele ya macho yako. Aliyebofya "fungua" kisha "mlango" ameandika sentensi ile ile ya Crowther, tofauti ni kwamba hakuhangaika kuitafuta.

Huwa najiuliza ingekuwaje kama zile za maandishi zingefundishwa Kiswahili. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa kila kitu kisicho na uhai, hivyo ukiwa na taa, kisu na ufunguo sakafuni, mashine inabaki kukisia umekusudia kipi. Kwetu KICHUKUE ni kisu, ICHUKUE ni taa, UCHUKUE ni ufunguo. Ngeli zile zile zilizotutoa jasho darasani zingeifanyia mashine nusu ya kazi.

Na kama bado una shaka kwamba za kubofya ni ukoo ule ule, tazama The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990. Ni maharamia, kuna mapigano ya panga, na hakuna popote unapobonyeza kupiga. Mpinzani anakurushia kijembe. Unachagua cha kumrudishia. Kikimkaa sawasawa, anarudi nyuma. Kikipwaya, unarudi wewe. Vijembe unajifunza kwa kushindwa na walio bora kuliko wewe, kisha unaenda kuvitumia kwa wengine. Mtu aliyekulia kwenye utani wa huku kwetu hahitaji kuelezwa sheria.

Wanaozikumbuka gemu hizi husifu michoro na muziki. Mimi naona wanachokumbuka hasa ni kukwama. Kompyuta nyingi tulizozichezea zilikuwa za mitumba, zenye mausi ya kipira. Unafungua tumbo lake, unakwangua uchafu kwenye vigurudumu kwa ukucha, ndipo mshale unasogea. Binamu yangu alikuwa na kauntabuku ya ile ya pangoni. Mle kuna sehemu ya vijia vinavyofanana vyote. Maelezo ni yale yale, neno kwa neno, hujui kama umetoka au umerudi. Dawa yake ni kudondosha kitu kila chumba: hapa funguo, pale chakula, kule chupa. Ukiona chupa unajua ulishapita. Alichora duara kwa kila chumba, ndani akaandika CHUPA, FUNGUO, halafu mishale ya kwenda na ya kurudi (hazilingani, kwenda kaskazini hakukuhakikishii kurudi kusini), mpaka karatasi ikatoboka kwa kufutwafutwa. Na muda wote huo betri ya taa inaisha.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Umeme ukikatika ukiwa kwenye gemu ya bunduki, gemu imekwisha mpaka urudi. Ukikatika ukiwa kwenye adivencha, unaendelea kucheza gizani. Unapanda kivuko cha Kamanga, umeegemea chuma, na bado unamuwaza nyoka. Katikati ya maji unashtuka: fimbo! Gemu inachezwa kichwani, kompyuta ni mahali pa kwenda kuthibitisha.

Siku hizi jibu liko kwenye simu, na mji hautolewi. Lakini simu hiyo hiyo inazibeba. ScummVM, programu ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea tangu 2001, inaendesha nyingi za zamani kwenye Android, kidole chako kikiwa mausi. Tovuti yao inakupa bure na kwa halali Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994, anzia hapo. Zork ya kwanza haifiki hata kilobaiti 100, bando halitaisikia.

Basi gemu ya kukimbia na kupiga risasi iite ekshen. Ikiwa na mafumbo mawili matatu katikati ya risasi, iite ekshen-adivencha na hakuna atakayekulaumu, mradi lile neno la mbele usilidondoshe. Na Age of Empires, hata kama umeibofya mpaka kidole kimeota sugu, haimo kwenye gemu za kubofya tunazozizungumzia. Ile ni ya mkakati, ndugu yangu.