Masahibu wa mwanao: tunayodhani na yalivyo

Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, barazani kwetu Kisauni gumzo halikuwa juu ya yale majani. Lilikuwa juu ya marafiki. Kila mama mwenye mtoto wa miaka 15 alijua ni mwana wa nani aliyemfunza wake kutafuna. Punde si punde mahakama ikasimamisha amri, muguka ukarudi vibandani, na hukumu yetu ikabaki pale pale. Nami niliwahi kuitoa, kwa hivyo nasema nikijisema.

Dhana: "Mwanangu kaharibiwa na rafiki."

Kinachochekesha ni kwamba mamake huyo rafiki, nyumba ya tatu kutoka kwako, naye asema vivyo hivyo. Samaki mmoja akioza wote wameoza, sawa, lakini samaki hutiwa kapuni na mvuvi. Vijana hujitia wenyewe. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Denise Kandel, alichapisha kazi yake juu ya wanafunzi wa sekondari aliowafuata mwaka mzima wa masomo, akiangalia urafiki unaoanza, unaodumu na unaokatika. Aligundua kwamba waliofanana tabia, uvutaji bangi ukiwemo, kwa sehemu walikuwa wamefanana hata kabla ya kujuana. Kisha urafiki ukawazidisha kufanana. Kuchaguana na kuambukizana vilikaribiana uzito. Ndiyo maana ukimkataza mwanao asiandamane na fulani, Jumatatu, ikifika Alhamisi keshapata fulani mwingine wa aina ile ile. Kilichompeleka kule hujakiuliza.

Sisemi rafiki hana nguvu. Anazo, ila hazifanyi kazi tunavyodhani. Sisi twamwona rafiki mbaya kama mtu wa kunong'ona sikioni: "Twende, usiogope." Mwaka 2011 watafiti Jason Chein, Laurence Steinberg na wenzao waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wenye taa za barabarani za kupita au kusimama. Vijana walipojua marafiki zao wanawatazama kutoka chumba kingine, walihatarisha zaidi kuliko walipokuwa peke yao, na sehemu za ubongo zinazohusika na raha ya kupata zikachangamka zaidi. Watu wazima hawakubadilika. Wala haikuhitaji kushawishiwa. Kutazamwa tu kulitosha.

Nenda ufuoni Mji wa Kale jioni maji yakijaa, uwaone wavulana wanavyochupa kutoka juu ya kuta. Aliye peke yake huteremka polepole akiyapima maji kwa mguu. Wakifika wenzake watano, hata kama hawajatamka neno, atarudi juu na kujitosa kichwa mbele. Basi badala ya kumhubiria kuhusu marafiki wabaya, afadhali kujua saa hizo wako wapi na kama kuna mtu mzima karibu. Bibi zetu walilijua hili bila kompyuta: walikuwa wakitoa kiti nje na kushona kofia pale pale maskani ya vijana, wakijifanya hawasikii.

Dhana: "Ana marafiki wengi, hana shida."

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwafuata vijana 169 tangu umri wa miaka 15 hadi 25, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Waliokuwa na urafiki mmoja wa ndani wakiwa na miaka 15 walikuja kuwa na wasiwasi mdogo mbele za watu, na kujithamini zaidi. Waliokuwa maarufu, wanaotafutwa na kila mtu, wasiwasi wao ulikuwa mkubwa zaidi baadaye. Kwa hiyo usihesabu majina kwenye simu ya binti yako. Muulize ni nani angempigia saa tano za usiku akiwa analia.

Dhana: "Leo hivi, kesho vile: huyu hajijui."

Hapa ndipo tunapowaonea zaidi. Mtoto mmoja wa jirani, ndani kwao husema *ndoo* na *ndia* na *mato* (njoo, njia, macho), Kimvita safi cha nyanyake, lahaja ya Mombasa. Akipanda matatu ni Sheng tupu. Darasani Kiingereza. Na akiwa na rafiki zake wa Kigiriama amejifunza salamu zao. Babake humwita kinyonga, kisha humtupia "mwacha mila ni mtumwa."

Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyeyapa umaarufu maneno "mgogoro wa utambulisho", alizaliwa Frankfurt mwaka 1902 bila kumjua babake mzazi, akakua na jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajipa jina jipya: Erikson. Kwake, kujaribu-jaribu ni kazi ya umri huo. James Marcia, aliyeiendeleza fikra hiyo mwaka 1966, alitofautisha kijana aliyejichunguza kabla ya kuamua na yule aliyeyapokea ya wazazi yalivyo bila kuyapima. Yule wa pili huonekana mtulivu. Twampenda kwa sababu hatusumbui.

Tena sisi Wamombasa tuna haki gani ya kushangaa? Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili zilizohesabiwa kuwa wenyeji wa mji huu zina Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza. Ni majina ya miji mingine! Watu walikuja na lahaja zao na ugomvi wao, wakakaa, wakaoana, na wajukuu wao ndio leo wanaomwambia kijana wa Kisauni achague kimoja.

Dhana: "Mtoto wa kiume haumizwi na urafiki."

Kipling Williams, mwanasaikolojia, alikuwa amekaa bustanini pale kisahani cha kurusha kilipomwangukia. Akakirudisha kwa wenyewe, wakamrushia, wakacheza watatu. Ghafla wale wawili wakaacha kumrushia. Mtu mzima msomi aliumia hadi akakigeuza kisa kile kuwa utafiti wa maisha yake, kwa mchezo wa mpira wa kompyuta ambamo mtu huachwa nje. Watu huumia hata wakiambiwa wanacheza na mashine.

Mtafiti mwingine, Niobe Way wa New York, alizungumza na wavulana mwaka baada ya mwaka. Wakiwa na miaka 13 hadi 15 walimtaja rafiki kwa maneno ya mapenzi na siri. Walipokaribia utu uzima wengi walikuwa wamempoteza, bado wanamtaka, na wameshajifunza kusema "si kitu".

Neno hilo nililisikia mwenyewe kwa mwana wa kaka yangu. Sahibu yake tangu darasa la pili alipelekwa shule ya bweni, mbali. Nikimuuliza, "Si kitu, shangazi." Akaacha mpira, akaacha kukaa barazani, nasi nyumbani tukasema amekua, ametulia. Siku shule zilipofungwa nilimkuta stendi tangu saa nane mchana, kavaa shati lake la Idi.

"Wamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu," akasema, na kila basi lililoingia akainuka.