Injini ya boti inapochemsha Mtera: tatizo si jua

Kiangazi hiki maji ya Bwawa la Mtera yanarudi nyuma, na malalamiko ya injini kuchemsha na kuzima katikati ya bwawa yanatufikia mara kwa mara. Wengi wanalaumu jua la Dodoma. Si kweli. Injini ya boti haina rejeta. Inapozwa na maji ya bwawa lenyewe, na maji hayo hayawi ya moto kiasi cha kuidhuru hata saa nane mchana. Mara nyingi inachemsha kwa sababu maji hayapandi.

Ruaha Mkuu na Kizigo huleta tope. Kina kikipungua, boti hupita karibu na tope hilo na katikati ya visiki vya miti iliyomezwa na bwawa. Injini hulivuta tope kupitia matundu ya chujio yaliyo juu kidogo ya propela, na mchanga wake hula mapezi ya impela, yaani lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji.

Injini isiyo na hitilafu hukojoa mchirizi wa maji muda wote inapounguruma. Mchirizi ukikatika au ukitoka mvuke, punguza mafuta, toa gia, zima. Usiseme “nifike tu ukingoni”. Pistoni hunoki ndani ya dakika chache, na Mtera ina upepo, mamba na viboko. Kasia liwe botini kila safari. Inua injini, toa magugu, nailoni ya nyavu au mfuko ulioziba matundu. Chokonoa kitundu cha kukojolea kwa waya mwembamba, maana pengine kimeziba chenyewe tu na injini haina moto wowote. Subiri nusu saa, washa taratibu, tazama. Wanaomwagia silinda maji baridi tunawaomba waache: chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka.

Kuhusu mifuko, tukumbushane utaratibu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Kanuni za marufuku hiyo ziliweka kwa anayekutwa nao au kuutumia faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Anayeuza ana adhabu yake, kubwa zaidi. Vilevile, kuharibikiwa majini si kinga ya ukaguzi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inataka chombo cha uvuvi kisajiliwe na pia kiwe na leseni; hayo ni mambo mawili, na cheti cha usajili hakisimami badala ya leseni. Beba nakala zote mbili kwenye mfuko usiopitisha maji.

Sasa turudi nchi kavu, ambako impela nyingi hufia. Mnunuzi mjini Dodoma huwashiwa injini ikiwa imefungwa kwenye benchi la fundi, kavu kabisa, “asikie mlio”. Impela hulainishwa na maji. Bila maji huungua ndani ya sekunde chache, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 100 hadi Mtera ikiwa tayari imeharibika. Kataa. Injini ijaribiwe kwenye pipa, maji yakiwa juu ya matundu ya chujio, gia ikiwa imetolewa.

Kwenye maji ya tope badilisha impela kila mwaka au kila saa 100 za kazi. Tenganisha fimbo ya gia kwanza, fungua bolti, shusha sehemu ya chini yenye gia, kisha fungua pampu. Kagua kikombe cha chuma na sahani iliyo chini ya impela. Vikiwa na mikwaruzo mirefu, impela mpya peke yake haitasukuma maji vizuri. Hesabu mapezi ya ile ya zamani. Yakikosekana mawili, vipande viko kwenye bomba la maji au themostati, yaani ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto, na lazima vitolewe. Paka mpya maji ya sabuni au gliserini, usipake grisi ya kawaida. Rudisha kile kipini kidogo kinachoishika kwenye shafti. Shusha kikombe huku ukizungusha shafti kwa mwelekeo wa saa, ukitazama kutoka juu, ili mapezi yalale upande wake.

Themostati msiing'oe na kuitupa. Ichemshe kwenye sufuria ukiwa na kipimajoto: isipofunguka kwenye nyuzi zilizogongwa juu yake, nunua nyingine.

Maji yakitoka vizuri na bado inachemsha, tazama mafuta. Injini ya mipigo miwili ya mchanganyiko wa 50 kwa 1, yaani sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, hutaka mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, tena oili ya injini za boti, wala si ya bodaboda. Kizibo cha soda si kipimo. Nunua chupa yenye mistari ya mililita na uifunge kwa kamba kwenye dumu la petroli.