Leseni ya Bastola Haikupi Ruhusa ya Kumlaza Mtu

Wiki iliyopita kwenye kikao cha harusi hapa Moshi mjini, tukiwa tumefika kipengele cha ulinzi wa vyombo vya muziki, mjumbe mmoja aliinuka akasema yeye kwake hana haja ya mlinzi. "Nina chuma changu, kina leseni. Mwizi akiruka ukuta namlaza palepale, na sheria iko upande wangu." Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia, "Wakili yupo hapa, atuthibitishie." Wakili hakuthibitisha. Nilijua nikianza, bajeti ya chakula haitajadiliwa siku hiyo. Basi naandika hapa, niwe na mahali pa kuwaelekeza watu badala ya kuchoka koo.

Mimi natetea kesi za jinai, Moshi na Arusha. Kauli hiyo nimeisikia Himo, Sakina, Usa River na Rombo, kwa mafundi gereji na kwa watu wenye shahada mbili. Desemba ndiyo msimu wake. Watu wamerudi nyumbani kula Krismasi, mbuzi yuko motoni, mtu amechomekea shati makusudi ili kitako cha bastola kionekane, na baada ya chupa ya tatu anaanza kutoa mihadhara ya sheria.

Leseni inahusu kumiliki. Inatokana na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Inaeleza wewe ni nani, silaha yako ni ipi na namba yake ni ipi. Basi. Kumpiga mtu risasi kunashughulikiwa na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwenye vifungu tunavyovijua kama 18, 18A, 18B na 18C, na humo hakuna mahali mwenye leseni anapopewa upendeleo. Aliyetumia bastola ya leseni, aliyetumia panga na aliyetumia mchi wa kinu wanapimwa kwa kipimo kimoja. Mwenye gobole naye hivyohivyo, ila yeye ataongezewa shtaka la kukutwa na silaha isiyo halali. Leseni ya udereva nayo haijawahi kumruhusu mtu kugonga wapita njia, lakini hilo sijawahi kulazimika kulieleza kikaoni.

Vifungu vyenyewe kwa haraka. 18A inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. 18B inasema nguvu utakayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika, na ukimuua mtu kwa kuzidisha, una hatia ya kuua bila kukusudia. Msidanganywe na hilo jina, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. 18C ndiyo inayokubali kwamba kuna nyakati kujitetea kunaweza kuishia kwenye kifo na bado usiwe na hatia. Humo kuna hofu ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya, ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi, kuchoma moto. Na mali imetajwa.

Hapo ndipo wanaposhangilia. "Si unaona, wakili? Mali imo!" Imo, ndiyo. Ila wanarukia mwisho wa kifungu na kuacha mwanzo wake, na mwanzo ndio unaofunga watu. Inatakiwa uwe umetenda kwa nia njema, ukiamini kwa dhati, kwa sababu za msingi, kwamba ulichofanya kilikuwa cha lazima. Cha lazima wakati huo uliovuta kifyatulio. Ulazima huo una tabia ya kuisha haraka sana. Jamaa mwenye panga anayekuja mlangoni kwako usiku ni kesi moja. Jamaa huyohuyo, akiwa ametupa panga na anaparamia ukuta atoke, ni kesi nyingine kabisa, hata kama ni sekunde chache tu zimepita na moyo wako bado unagonga kama ngoma.

Watu hudhani jambo hili litakuwa neno lako dhidi ya neno la marehemu, na marehemu hasemi. Marehemu anasema sana. Ripoti ya uchunguzi wa maiti itaonyesha tundu la kuingilia liko wapi. Likiwa kifuani, tuna pa kuanzia. Likiwa mgongoni, chini ya bega, na risasi imepanda juu kidogo kuelekea shingoni, basi alikuwa juu ya ukuta na wewe ulikuwa chini, na alikuwa anakwenda zake. Kisha maganda ya risasi. Bastola ya magazini hurusha ganda pembeni kila unapofyatua, wakati revolva hubaki nayo tumboni. Mteja ananiambia alikuwa chumbani, kitandani, anatetemeka. Mchoro wa eneo la tukio unaonyesha ganda moja karibu na karo la kufulia na jingine nje ya geti, barabarani. Nikishaona ganda la nje ya geti huwa nafunga jalada kwanza, naenda kunywa chai, ndipo narudi kufikiri. Nachukua futi kamba, naenda kwenye nyumba hiyo usiku, nasimama aliposimama, nazima taa, naangalia mwenyewe kinachoonekana. Mara nyingine naona ninachohitaji kuona: kivuli cha mgomba kinachofanana na mtu, mwanga wa jirani unaopofua macho. Mara nyingine naona ukuta na barabara tu.

Lakini hata maganda hayaharibu kesi kama mdomo. Polisi wakimkamata mtu wana saa nne za mwanzo za kumhoji, na humo ndimo maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa aliyeonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yanapoandikwa. Mteja wangu wakati huo amejaa hasira na majivuno, majirani wamempongeza, mtu wa bodaboda amempigia saluti. Anaandikisha: "Nilimpiga ili liwe fundisho kwa wengine." Au: "Wametusumbua sana mtaani, nikaona leo niwakomeshe." Anasaini. Kwa sentensi hiyo amejiondoa mwenyewe kwenye 18C. Anayeogopa kufa hafundishi mtu adabu. Miezi kadhaa baadaye, kortini, anataka niseme aliogopa, na wakili wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, anasoma lile fundisho polepole, neno kwa neno, akimtazama jaji.

Jambo moja lipo upande wenu, na hulijui hata wewe unayejigamba: ukishaleta hoja ya kujitetea yenye mashiko, kazi ya kuibomoa ni ya Jamhuri, nao wanatakiwa kuibomoa bila kuacha shaka ya maana. Kesi za namna hii zinashinda. Nimezishinda. Ila utashinda ukitokea wapi? Mwanzoni shtaka mara nyingi huandikwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Utakaa mahabusu ukisikia "upelelezi haujakamilika, mheshimiwa" tarehe baada ya tarehe, duka limefungwa, na chuma chako kimefungwa kikaratasi cha kielelezo kinapata kutu kwenye stoo.

Ukitaka mfano wa mtu mwenye silaha halali kabisa, mfikirie Oscar Pistorius, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini. Usiku wa tarehe 14 Februari 2013 alifyatua risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa, Pretoria, akamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp. Utetezi wake ulikuwa kwamba alidhani ni mwizi. Hapa kwetu mjadala wote ulikuwa "kweli alidhani au anadanganya?" Kwa mwanasheria, cha kutazama kilikuwa kingine. Mahakama ya Rufaa ya kule, Desemba 2015, ilimtia hatiani kwa mauaji, na haikuhitaji kwanza kuamua kwamba alijua ni Reeva. Aliyekuwa nyuma ya mlango, hata angekuwa mwizi, alikuwa binadamu ndani ya kijichumba kidogo, hajamtishia chochote, na mpigaji alijua risasi zile zinaweza kuua. Wale wanaoniambia "lakini mimi nitampiga mwizi, sitampiga mke wangu" naomba waisome sentensi hiyo tena. Sheria ya Afrika Kusini si yetu, ila hoja hiyo mtakutana nayo hapahapa.

Imani yenyewe imetoka wapi? Nadhani tumeiokota Marekani, kupitia filamu na mabishano ya mitandaoni. Florida mwaka 2005 ilitunga sheria inayomwondolea mtu wajibu wa kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu ya kuua, na majimbo mengi yakafuata. Florida ni mbali na Kiboriloni. Vijana nao wananiambia kumiliki silaha ni "haki ya kikatiba". Ya Marekani, ndiyo, tangu 1791, na hata huko ilikuwa mwaka 2008 tu Mahakama ya Juu iliposema wazi, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba ni haki ya mtu binafsi hata kama hayumo kwenye jeshi la mgambo. Mwaka 2022 ikaifuta sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu ya kubeba bastola. Katiba yetu ya 1977 inalinda uhai kwenye Ibara ya 14 na mali kwenye Ibara ya 24, na haisemi lolote kuhusu raia kumiliki bunduki. Hapa unaomba, unaeleza kwa nini, unachunguzwa, unaweza kunyimwa. Yule wa New York hadaiwi tena sababu. Wewe wa Majengo bado unadaiwa.

Sasa nikisema hivi naonekana adui wa silaha. Siyo. Watu wengi wanaonijia kuuliza utaratibu wana hofu ya kweli. Mwenye duka la jumla aliyevamiwa mara mbili, anayelala umbali wa nusu saa kutoka kituo cha polisi cha karibu kama gari la doria lina mafuta, nimwambie nini? Nimwambie apige filimbi? Nimeandika barua za watu kama hao na ningeziandika tena. Na kile kipimo cha "nguvu ya kiasi" kinanisumbua zaidi ya ninavyoonyesha kortini. Kinapimwa mchana, na watu waliolala vizuri, wakiwa na mchoro wa eneo mezani. Aliyefyatua alikuwa na kaptula na mtoto anayelia. Sheria inasema tujiweke katika nafasi yake. Tunajaribu. Siamini kwamba tunafika.

Kwa takwimu nako, pande zote mbili zinapiga kelele kuliko ushahidi. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti zote mwaka 2004 likasema haziwezi kuthibitisha kama kuruhusu raia kubeba silaha kunapunguza uhalifu au kunauongeza. Kilicho wazi zaidi ni kile kisichosemwa baa. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2020, wa watu wazima wapatao milioni 26, ulikuta wanaume wenye bastola wako kwenye hatari ya kujiua kwa risasi mara 8 hivi ya wasio nazo. Kwa hiyo mama akiniuliza kama mume wake anunue, mwizi si swali langu la kwanza. Naanza kumuuliza mzee analalaje siku hizi, na madeni yakoje.

Wazee wa Siha na West Kilimanjaro watasema nimesahau magobole. Sijasahau. Mkulima anayelala shambani kulinda mahindi na tembo hana muda wa fomu, na sheria iliyoandikwa ikimfikiria mfanyabiashara wa mjini inamkuta yeye na bomba la usukani lililogeuzwa mtutu. Hilo linataka andiko lake.

La mwisho, kwa sababu limenifika tena juzi. Bunduki ya marehemu haigawiwi kwenye kikao cha ukoo pamoja na kihamba, yaani shamba la ukoo, na ng'ombe. Leseni ilikuwa ya baba, imekwisha naye. Kijana mkubwa anayeiweka chini ya godoro "mpaka arobaini ipite" anakaa na silaha bila leseni, na heshima ya ukoo haitamsaidia kitu. Peleka kituoni mapema pamoja na risasi zake na kitabu cha leseni, mchukue mjumbe wa mtaa aende nawe, hakikisha namba iliyo kwenye chuma inalingana na iliyoandikwa, na usiondoke kaunta bila hati ya mapokezi yenye mhuri. Ukitaka kuimiliki wewe, unaanza maombi upya kwa jina lako kama mtu mwingine yeyote.