Mwenye afya njema kwenye utafiti wa dawa: yanayosemwa Mombasa na ukweli wake

Watafiti wakipita Mombasa, Mtwapa au Kilifi kutafuta watu wazima wasiougua chochote, watu hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema hao ni mumiani waliovaa koti jeupe, na wapo wanaokimbilia kujiandikisha wakidhani wamepata hospitali ya bure. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa hao wa pili, na nitaeleza kwa nini. Lakini nianze na swali ambalo kila mtu huuliza.

"Kama siumwi, wananitakia nini?"

Swali zuri, na jibu lake si siri. Dawa mpya ikishapita maabara na kwa wanyama, bado haijulikani mwili wa binadamu utaipokea vipi. Ukimpa mgonjwa aliyelazwa, kesho akatapika, utajuaje kama ni dawa, ni ugonjwa wenyewe, au ni zile dawa nyingine anazomeza? Kwa mtu mzima asiye na maradhi jambo hilo huonekana wazi zaidi. Ndiyo maana awamu ya kwanza ya majaribio kwa kawaida huchukua watu wachache, kati ya 20 na 100. Huanza na dozi ndogo mno, na damu hupimwa mara kwa mara kuona dawa imekaa mwilini muda gani. Si kila dawa hupita njia hii. Dawa kali za saratani, kwa mfano, kwa kawaida huanzia kwa wagonjwa wenyewe, kwani si haki kumpa mzima kitu kikali namna ile.

Chanjo ina sababu iliyo rahisi zaidi: hupewa mtu kabla hajaugua, kwa hivyo hujaribiwa kwa wasiougua. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso, Mali, Tanzania na hapa kwetu Kilifi.

"Wanakudunga ugonjwa makusudi"

Wengi wanaoutetea utafiti hukimbilia kusema, "Uongo huo!" Hilo si jibu la kweli. Katika majaribio mengi sana hakuna anayeambukizwa chochote. Lakini yako machache ambayo mtu huambukizwa makusudi, kwa kujua na kwa ridhaa yake, na moja lilifanyika kwa jirani zetu Kilifi kuanzia 2016 hadi 2018, chini ya KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na mpango wake wa pamoja na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza. Watu wazima 161 walidungwa vimelea hai vya malaria kwenye mshipa.

Kwa nini? Mtu aliyekulia penye mbu wa malaria hujenga kinga fulani, hata anaweza kutembea na vimelea damuni bila homa. Watafiti walitaka kuiona kinga hiyo ikifanya kazi, ili wajue chanjo iige nini. Vimelea vilivyotumika ni vya aina inayojulikana kufa kwa dawa za kawaida za malaria. Washiriki waliwekwa pamoja katika makazi ya Chuo Kikuu cha Pwani, wakipimwa damu siku baada ya siku. Aliyeshikwa na homa akiwa na vimelea, au ambaye vimelea vyake vilipita kiwango kilichowekwa, alipewa dawa hapo hapo. Muda ulipokwisha, wote waliobaki nao walitibiwa, hata asiyeonyesha dalili yoyote. Baadhi yao walivizuia vimelea bila dawa, na kwa wengine havikuonekana kabisa kwenye damu.

Unaweza kuupinga utafiti wa namna hiyo, na wapo watu wenye akili zao wanaoupinga. Basi upinge ukiujua ulivyo.

Upande wa chanjo za kuzuia UKIMWI, ambazo zimejaribiwa Kenya tangu 2001, ukweli nao una pande mbili. Chanjo hizo hazina kirusi kizima cha kuweza kukuambukiza. Ila zinaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili, yaani askari wake wa kupigana na kirusi, na kipimo cha haraka, ambacho hutafuta askari hao, kikasoma kwamba unacho kirusi ilhali huna. Mshiriki huhitaji vipimo vya aina nyingine na barua ya kumweleza hali hiyo daktari mwingine. Asipoambiwa hilo mapema, anaweza kuvunjikiwa na ndoa kwa jambo lisilokuwepo.

"Damu yetu inauzwa"

Bibi zetu walitutisha kwa mumiani, na hofu ile haikufa. Anayeicheka hajafikiria. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, watu weusi wenye kaswende waliangaliwa tu wakiugua huku tiba ikiwepo, nao wakidanganywa kwamba wanatibiwa. Karibu zaidi na sisi, mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Kesi za madai kwamba wazazi hawakuelezwa ipasavyo ziliishia kwa makubaliano nje ya mahakama. Kanuni tulizo nazo leo zilitungwa kwa sababu ya mambo kama hayo.

Sasa tuiangalie damu yenyewe. Kinachochukuliwa ni vichupa vyenye vifuniko vya rangi, cha zambarau kwa kipimo hiki, chekundu kwa kile, kila kimoja kikiwa na mililita chache. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mtu anayechangia damu hospitalini hutoa kama mililita 450 kwa mara moja, na mwili wa mtu mzima una takriban lita 5. Kwenye kichupa hubandikwa nambari, si jina lako. Ni kweli pia kwamba sampuli nyingine husafirishwa nje ya nchi kwa vipimo ambavyo hapa havifanyiki. Hilo linahitaji kibali, na lazima liandikwe kwenye fomu: zinakwenda wapi, zitakaa miaka mingapi, zitatumiwa kwa nini. Una haki ya kukataa damu yako isihifadhiwe kwa utafiti mwingine wa baadaye, na kwenye fomu nyingi kuna kisanduku chake cha kutia alama. Kitafute.

"Nimepata daktari wa bure"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua. Kijana mmoja wa Likoni, mwenye kubeba mizigo soko la Kongowea, alinijia akitaka ushauri. Alikuwa amesikia kuna jaribio la chanjo.

"Ami, si watanipima kila kitu? Nikiwa na kitu watakiona."

Nikamuuliza ana kitu gani. Akaniambia mgongo, unamuuma tangu mwaka jana, mkono wa kulia ukifa ganzi usiku.

Hakuna mtu katika jaribio la chanjo atakayeutazama mgongo wake. Vipimo vya mwanzo hufanywa ili kujua kama unafaa kuingia: shinikizo la damu, figo, ini, wingi wa damu, homa ya ini, virusi vya UKIMWI, na ujauzito kwa wanawake. Kikionekana kitu, wataalamu wanapaswa kukuambia na kukuelekeza pa kutibiwa, na hilo si dogo, kwani wapo waliojua wana presha kwa njia hiyo. Lakini ukionekana nacho, mara nyingi ndiyo mwisho wa safari yako nao. Ukionekana huna, bado hujapimwa kila kitu.

Tena kuna kugawanywa makundi. Kompyuta hupanga kama kupiga kura nani apewe dawa inayojaribiwa na nani apewe kitu kisicho na dawa ndani au chanjo nyingine ya kulinganishia, na mara nyingi hata muuguzi anayekudunga hajui umepata ipi. Daktari wa hospitali hukupa dawa kwa sababu anaamini itakufaa wewe. Mtafiti hukupa kwa sababu hajui, anataka kujua. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, akakujali, akakupigia simu usiku kuuliza hali, na bado ukweli huo usibadilike: mzima anayeingia awamu ya kwanza hana faida ya tiba anayotarajiwa kuipata. Anatoa. Ndiyo maana anadaiwa ukweli wote kabla ya kutoa.

Kijana yule nilimwambia aende kwanza akaonwe mgongo wake.

"Hakuna hatari, madaktari wako pale pale"

Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park, London, wanaume wanane wenye afya njema walidungwa sindano. Wawili walipata isiyo na dawa. Sita waliopata dawa iliyoitwa TGN1412 walianza kuumwa vibaya muda mfupi baadaye, wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vya ndani vikifeli. Wote waliokolewa, ila mmoja alipoteza vidole. Dozi ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Kosa moja lililoonekana ni kwamba walidungwa mmoja baada ya mwingine kwa dakika chache tu. Siku hizi, dawa ikiingia kwa binadamu mara ya kwanza, hupewa mtu mmoja kwanza, wengine wakasubiri. Januari 2016, huko Rennes, Ufaransa, mwanamume mmoja mzima alifariki katika jaribio la awamu ya kwanza na wenzake kadhaa wakalazwa, baada ya dozi za chini kupita salama kwa wengi kabla yao.

Hayo yanatisha, na ni nadra. Mapitio ya majaribio 394 ya awamu ya kwanza yaliyofanywa na Pfizer katika vituo vyake, yenye watu zaidi ya 11,000, yalionyesha karibu theluthi mbili walipata dalili fulani, nyingi zikiwa ndogo kama kichwa kuuma au usingizi. Hakuna aliyefariki. Vilikuwa vituo maalumu vya nchi tajiri, vyenye vifaa vyote, na hilo tulikumbuke tunapojilinganisha.

"Wanakulipa kwa sababu watakuua"

Malipo ni ya nauli, muda na kibarua ulichokikosa. Kamati ya maadili, yaani watu wanaoupitia utafiti ili washiriki wasidhulumiwe, hukagua kiasi hicho kabla ya utafiti kuanza, isiwe kidogo cha kudhulumu wala kikubwa cha kumfanya mtu afumbe macho. Kwa utafiti wa Kilifi kiasi hicho kilizua mjadala hadi magazetini, na kwa maoni yangu mjadala ule ulistahili. Maskini hana haja ya kulindwa kwa kunyimwa malipo, ila anahitaji kiasi kitajwe wazi na kilipwe kwa siku alizokaa hata akijitoa njiani.

Kuna wanaoficha kwamba walikuwa kwenye jaribio jingine mwezi uliopita ili wachukue pesa tena. Dawa mbili zisizojulikana zikikutana mwilini, hakuna daktari atakayejua aanzie wapi.

"Ukisaini umeshajifunga"

La. Unatoka siku yoyote bila kutoa sababu. Ila kama ni utafiti wa kuambukizwa, utatakiwa umeze dawa kwanza, kwa usalama wako na wa majirani. Mwenye miaka 18 hujisainia mwenyewe. Mke anaweza kushauriana na mumewe akipenda, lakini saini ni yake, na aulize mapema kuhusu uzazi wa mpango kwa sababu majaribio mengi hayaruhusu kushika mimba wakati huo. Na ratiba ikiangukia Ramadhani, liulizwe kabla, si asubuhi ya kumezeshwa kidonge.

Fomu ya ridhaa ina kurasa nyingi, na pengine utaulizwa maswali kuonyesha umeelewa. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, kisha huweka dole gumba. Nakala ni yako, ondoka nayo. Utafiti wa dawa nchini Kenya unapaswa kuwa na kibali cha kamati ya maadili, cha Bodi ya Dawa na Sumu, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na bima ya washiriki. Homa ikikushika usiku ukiwa umesharudi kwako Changamwe, unapiga nambari ya daktari wa utafiti iliyo kwenye fomu, na matibabu ya madhara yaliyotokana na utafiti hayatoki mfukoni mwako. Wakikuzungusha, kuna nambari ya pili, ya kamati ya maadili, ambayo haiko chini ya daktari yule. Fomu ikikosa mojawapo ya nambari hizo, usisaini siku hiyo.