Asilimia 6 ya New York inazuia nini hasa?

"Kodi ya majengo New York haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka." Kauli hii imezoeleka mno, na inawaponza watu wanaonunua nyumba Queens au Brooklyn, sehemu za Jiji la New York, huku wakiitegemea kupanga bajeti.

Ukomo wenyewe ni huu: kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1981, thamani ya kutozea kodi ya nyumba ya familia moja hadi tatu haipandi zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, wala asilimia 20 ndani ya miaka mitano.

Kilichofungwa ni thamani. Bili hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa kiwango cha kodi, na kiwango jiji hukipanga kila mwaka kulingana na fedha linazohitaji. Mwishoni mwa 2002, jiji likiwa limeelemewa na nakisi, Baraza la Jiji lilipitisha nyongeza ya kiwango ya takriban asilimia 18.5. Ilianza Januari 2003, na hakuna ukomo uliovunjwa.

Linalowachanganya wengi zaidi ni bili kupanda wakati bei za nyumba zinashuka. Chukua nyumba ya dola 800,000. Jiji hulenga thamani yake ya kutozea kodi iwe asilimia 6 ya bei ya soko (hii ni asilimia 6 nyingine kabisa), yaani dola 48,000. Lakini kwa sababu ya ukomo, thamani hiyo kwenye daftari la kodi la jiji bado ni 30,000. Mwaka ujao inaweza kufika 31,800. Soko likianguka hadi 700,000, lengo linakuwa 42,000, bado juu sana ya 31,800. Basi thamani inaendelea kupanda, na mwenye nyumba anadhani ameonewa.

Pengo hilo ndilo linalofanya mfumo uwe na upendeleo. Penye bei zinazokimbia, kama mtaa wa Park Slope huko Brooklyn, thamani ya daftari huachwa nyuma sana na mwenye nyumba hupata nafuu kubwa. Wa Staten Island, sehemu nyingine ya jiji, ambako bei hupanda taratibu, hulipa sehemu kubwa zaidi ya thamani halisi ya nyumba yake. Mimi naona hilo si haki.

Tena isichanganywe na California, ambako tangu 1978 ukomo ni asilimia 2 na hesabu huanza upya nyumba ikiuzwa, wala na Houston, Texas, ambako jiji limewekewa ukomo kwenye jumla ya mapato yake ya kodi ya majengo.

Kwa hiyo anayekuuliza kuhusu New York, mwambie ukomo uko kwenye thamani. Na akiongeza ghorofa, ujenzi huo mpya hauhesabiwi ndani ya hiyo asilimia 6.